Pointi za Marehemu

Jumanne ya tarehe kumi na saba, mwezi wa pili, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Hata mkiniamsha usingizini nitaitaja hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeshusha wanafunzi arobaini na mmoja, nimefagia basi, nimeokota chupa mbili za maji na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Mlinzi wa getini akaja mbio.

"Mzee Breki, unaitwa ofisini. Madam amesema uje na funguo za basi."

Miaka tisa naendesha basi la shule ile. Nimeitwa ofisini kusifiwa, nimeitwa kukaripiwa, nimeitwa kusukuma gari la mkuu wa shule lililogoma kuwaka. Kuitwa na funguo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Matroni alinitazama. Huyu ndiye mama anayekaa kiti cha mbele na kuwashika watoto mkono wakivuka barabara. Tunakaa jengo moja, na alikuwa rafiki wa mke wangu, kwa hiyo mimi kwake ni shemeji.

"Shemeji, kuna nini?"

"Labda wamenunua basi jipya," nikasema. Mjinga mimi.

Mlio nami tangu mwanzo mnajua nilivyomzika mke wangu mwaka jana, mwezi wa sita, figo zilipogoma zote mbili. Mnajua pia nilivyokataa kuikata laini yake ya simu. Kwa aliyefungua gazeti leo, ni hivi.

Jengo letu lina milango kumi na miwili na ngazi moja. Ukivuka barabara kuna duka kubwa la dawa. Ukinunua pale wanakuuliza namba ya simu, wanakuwekea pointi. Pointi zikijaa unapewa sabuni, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka. Tatizo ni kwamba kwa mtu mmoja hazijai hata akiugua mwaka mzima. Mke wangu akapiga bongo: jengo zima tutaje namba moja, ya kwake, halafu kila mwisho wa mwezi yeye agawe. Tangu hapo wakamwita Mama Pointi.

Alipokufa hakuna aliyeacha. Watu waliendelea kutaja namba yake pale kaunta, na simu yake juu ya kabati ikaendelea kulia. "Asante mama kwa kununua nyembe kwetu." Niliichaji kila siku. Ikilia, mwili ulikuwa unanidanganya kwamba nimemtuma dukani na sasa hivi atapanda ngazi akilalamikia magoti.

Basi, turudi ofisini.

Meneja wa usafiri ni mama nadhifu, hapandishi sauti hata akikufukuza. Alinionyesha kiti. Mezani kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa.

"Mzee, unaumwa?"

"Goti tu, madam. Hili la klachi."

"Sikuulizi habari za goti."

Akaigeuza karatasi upande wangu. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini jina langu nalijua popote litakapokaa. Lilikuwa juu kabisa. Chini yake namba ya simu ya mke wangu. Chini ya namba, orodha ndefu kama foleni ya hospitali.

"Kuna kampuni tumeiajiri itukagulie wafanyakazi wote wa mabasi," akasema. "Nani anakunywa, nani mgonjwa. Wao wanapata taarifa kutoka kwenye maduka. Hii ni ya kwako."

"Ya kwangu vipi? Namba hii ni ya marehemu mke wangu."

"Ndiyo uliyoiandika kwenye fomu yako ya kazi."

Miaka tisa iliyopita sikuwa na simu. Walipotaka namba, niliandika ya mke wangu, maana aliyenitafuta mimi alikuwa anampigia yeye. Sikuibadilisha tena. Nani hurudi kubadilisha fomu?

"Basi nisomee," nikasema. "Nisikie nimenunua nini."

Akasoma. Rangi nyeusi ya nywele. Nyembe. Nepi za watu wazima. Dawa ya minyoo. Vipimo vya mimba, vitatu.

"Madam, mimi nina miaka hamsini na nane. Hiyo mimba ikishika tuwaite waandishi wa habari."

Mdomo wake ulitaka kucheka, akaubana.

"Mimi si mjinga, mzee. Hayo yote nimeyaruka. Hili siwezi kuliruka." Akaweka kidole katikati ya karatasi. "Dawa ya kifafa. Vidonge sitini kila mwezi, miaka minne mfululizo."

Nilisikia feni ya dari ikizunguka.

"Sina kifafa."

"Nani anacho?"

"Sijui. Jengo zima linataja namba hiyo. Ni mambo ya pointi."

"Pointi."

"Za sabuni."

"Ungekuwa mimi ungekubali? Dereva wa watoto arobaini na mmoja anakutwa na dawa ya kifafa, anasema ni mambo ya sabuni?"

"Nipelekeni kwa daktari basi. Si kila mwaka napimwa macho, napimwa presha?"

"Mtu akimeza dawa zake vizuri, daktari haoni kitu. Ndiyo kazi ya dawa."

Mnauona huo mtego? Nikianguka, nina kifafa. Nisipoanguka, ni kwa sababu nameza dawa. Watu waliosoma wanajua kumfunga mtu kamba asiione hata fundo.

"Huenda zilikuwa za mke wangu," nikajaribu.

"Mkeo amefariki mwezi wa sita, mzee. Dawa zimenunuliwa mpaka juzi. Katika nyumba hiyo amebaki nani?"

Nimebaki mimi.

Hasira ikanipanda. "Na ruhusa ya kunichungulia mmepewa na nani?"

Akafungua faili, akatoa fomu nyingine, akaisoma taratibu kama anamsomea mtoto. "Ukurasa wa nne. Nakubali taarifa zangu zitumike katika kuboresha huduma. Sahihi yako hii. Na mkeo dukani alikubali maneno hayo hayo."

Kuboresha huduma! Mimi nilisaini nikidhani watatuwekea viti vipya kwenye basi. Mke wangu alikubali akidhani sabuni itakuwa kubwa zaidi. Wakubwa wanakupa maneno matamu kama peremende, na wewe unayameza na karatasi yake.

"Una mpaka Ijumaa saa nne asubuhi," akasema. "Niletee mtu anayemeza hizi dawa, yeye mwenyewe, na cheti chake cha daktari. Usipomleta, kazi imeisha. Na itanilazimu kuiandikia ofisi ya leseni."

"Madam, mimi sijui kazi nyingine. Tangu nina miaka ishirini mikono hii imeshika usukani tu."

"Ndiyo maana nimekupa mpaka Ijumaa. Funguo, tafadhali."

Niliziweka mezani. Niliporudi nyumbani kwa miguu saa tatu asubuhi, majirani walidhani nimefiwa tena.

* * *

Jumatano nilikuwa wa kwanza mlangoni pa duka la dawa. Simu ya marehemu mfukoni, kofia mkononi. Nikamtaka msimamizi. Akaja dada mwenye kitambulisho kikubwa shingoni na tabasamu la kazini.

"Karibu mzee, nikusaidie nini?"

"Nataka kujua nani ananunua dawa ya kifafa kwa namba hii."

"Samahani, hatutoi taarifa za mteja. Hiyo ni siri yake."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Siri? Mwajiri wangu anayo karatasi nzima!"

"Hayo yanashughulikiwa na makao makuu, mzee. Na wao hawauzi siri. Wanatoa takwimu."

"Namba ya simu ya mke wangu ni takwimu?"

"Mimi nauza dawa tu, baba."

"Haya, na mimi nipe hiyo takwimu. Nitainunua. Bei gani?"

"Wewe ndiye mwenye namba?"

"Ni ya mke wangu."

"Basi aje mwenyewe, na kitambulisho."

"Amefariki."

"Oo, pole sana." Na kweli uso ulibadilika. Halafu ukarudi kazini. "Lakini mfumo unamtaka mwenyewe."

"Dada, akija mwenyewe, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuiruka hii kaunta."

Foleni nzima ilicheka. Yule dada naye alicheka, akainamia kompyuta yake, akabonyeza bonyeza ili nione kwamba nimeshughulikiwa. Simu ikalia mfukoni mwangu. "Mpendwa mama, tumepokea ombi lako. Umeridhika na huduma? Jibu moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana."

Nilitoka nje. Nikasimama kando ya barabara nikiitazama ile meseji, na hapo ndipo akili ilipofunguka.

Meseji zote zilikuwa humo. Miaka minne yote. Mke wangu hakuwa anafuta kwa sababu alizitumia kugawa pointi, na mimi sikufuta kwa sababu mnayoijua. Kila meseji inataja kitu, tarehe na saa. Haitaji mtu.

Nikajiambia, mtu nitamtoa mwenyewe.

* * *

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kuruka. Lakini nimeahidi kusema yote, hata yale yanayonivua nguo.

Saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka kazini, nilisimama ngazini, ghorofa ya kwanza, nikagonga mfuniko wa sufuria. Milango ikafunguka. Wakajaa ngazini, wengine wamekaa, wengine wameinama kwenye reli. Walidhani nagawa sabuni.

Nikawaeleza. Nikawaambia Ijumaa unga wangu unamwagika. "Anayemeza dawa ya kifafa ajitokeze. Sitaki kumdhuru. Nataka anitoe shimoni."

Mtu alikohoa. Maji yalidondoka mahali.

"Hakuna?"

Hakuna.

Miaka minne wamekula pointi za mke wangu, na leo hakuna hata mmoja. Moyo ukanichacha. Nikatoa simu.

"Basi nitasoma. Kitu kimoja kimoja. Kila mtu aseme cha kwake. Wakimalizika wenye vitu vingine, mwenye dawa atabaki peke yake."

Matroni alikuwa amesimama ngazi ya chini, bado na sare ya kazi. "Shemeji, usisome."

"Kwa nini nisisome? Wakubwa wameshasoma."

"Wakubwa hawatujui. Wewe unatujua."

Ningemsikiliza! Sikumsikiliza.

Mwanzo ulikuwa mchezo. Nikasoma nyembe, watu watatu wakanyoosha mikono. Nikasoma rangi nyeusi ya nywele, kimya, mpaka Fundi Bomba, yule jirani anayetengeneza mabomba ya maji, akavua kofia na kuinamisha kichwa kama anayeomba radhi. Ngazi nzima ikaangua kicheko.

"Kumbe we babu!" mtu akapiga kelele. "Ungesema tukupishe viti!"

"Hamjawahi kunipisha hata kidogo," akajibu.

Nikasoma dawa ya minyoo. Akina mama wakasukumana. Nami nikaanza kufurahi, nawaambia ukweli. Nilijiona hakimu.

"Nepi za watu wazima. Kila baada ya wiki mbili."

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa.

Ghorofa ya tatu anakaa mwalimu mstaafu, peke yake. Suruali imenyooshwa kila siku, viatu vinang'aa, kila mtu akikutana naye hushusha sauti. Nusu ya wazazi wa jengo lile amewafundisha kuandika.

"Za kwangu," Mwalimu akasema. "Endelea, baba."

Akageuka, akashika reli, akaanza kupanda. Hatua moja, anapumzika. Hatua ya pili. Sote tulisubiri mpaka tukasikia mlango wake. Haukubamizwa. Ulifungwa polepole.

Hapo mtu mwenye akili angeweka simu mfukoni. Mimi nilikuwa na hofu, na hofu haina adabu.

"Vipimo vya mimba, vitatu. Mwezi wa tisa, tarehe nne."

Mke wa Fundi Bomba, tunayemwita Mama Pacha, alikuwa amekaa karibu na miguu yangu. Nilimwona akishika kifundo cha mguu wake kama aliyeumwa na kitu.

"Soma tena," Fundi Bomba akasema. Kofia bado ilikuwa mkononi.

"Basi, tuache hicho, twende—"

"Mzee Breki. Umesema mwezi wa ngapi?"

Fundi Bomba alikuwa amesafiri tangu mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja, kulaza mabomba ya mradi fulani. Kila mtu pale ngazini alilijua hilo. Nililijua na mimi, nikalikumbuka baada ya kusema.

"Vilikuwa vya mdogo wangu," Mama Pacha akasema.

"Mdogo wako yupi? Aliyekuja mwezi wa kumi na mbili?"

"Baba Pacha, tuingie ndani."

"Nakuuliza hapa hapa."

"Na mimi nakuomba tuingie ndani!"

Wakaingia. Wengine nao wakaanza kuondoka bila kuniangalia. Mama mmoja alipita akasema, "Hongera, mzee. Umeboresha huduma." Nilikuwa nimewasimulia maneno hayo mwenyewe.

Dawa ya kifafa sikuisoma. Hapakuwa na mtu wa kumsomea, isipokuwa Matroni, ambaye alikuwa bado amesimama ngazi ya chini. Naye akaondoka.

Nimekuwa nikilitukana lile duka la dawa kwenye gazeti hili, na bado nalitukana. Lakini niseme na hili. Wao waliuza siri za watu kimyakimya, kwa watu wasiowajua. Mimi nilizigawa bure, kwa sauti, kwa majirani zao. Tena bila fomu.

* * *

Alhamisi asubuhi Mama Pacha alishuka ngazi na begi moja na watoto wawili. Nilikuwa mlangoni. Nikasema, "Dada, nisamehe." Hakunitukana. Alinipita kama mtu anayeipita nguzo ya umeme.

Jioni nilikuwa uani naanua shati langu moja. Matroni akaja, akasimama upande wa pili wa kamba, shuka la mtu likiwa katikati yetu. Nilimwona miguu tu, na viatu vyake vyeusi vya kazi.

"Dereva waliyemleta anapiga breki kama anaua nyoka," akasema. "Leo watoto wawili wametapika."

"Waambie wafungue madirisha."

"Shemeji. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Zile dawa. Ni mimi."

Shati lilinitoka mkononi.

"Tangu nikiwa na miaka minane," akaendelea, sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Miaka minne iliyopita nilianguka hapa hapa uani, hapo penye bomba. Mama Pointi ndiye aliyekuwepo. Akanilaza ubavu, akanifuta mdomo, akakaa na mimi mpaka nikajua jina langu. Kesho yake akanishika mkono mpaka kwa daktari. Tangu nianze dawa hizi sijaanguka hata mara moja. Hata mara moja, shemeji. Naapa."

"Mke wangu alijua?"

"Alijua."

"Miaka yote hiyo analala na mimi kitanda kimoja, hakuniambia?"

"Alisema, mume wangu ni mtu mzuri, lakini breki zake zote ziko mguuni. Mdomoni hana."

Nilitaka kucheka, kikatoka kitu kingine.

"Halafu akaniambia, usitaje namba yako pale kaunta. Taja ya kwangu. Wewe umeajiriwa, mimi sijaajiriwa na mtu. Wakitafuta mwenye kifafa wamkute mama wa nyumbani, watafanya nini? Watamfukuza jikoni kwake?"

Mke wangu aliishia darasa la tatu. Hakuwahi kugusa kompyuta. Lakini alilielewa lile duka kuliko sisi sote, akajitanda juu ya rafiki yake kama mwavuli. Kitu kimoja tu hakukijua: kwamba namba ile ile ilikuwa ndani ya faili langu. Sikumwambia. Nilidhani ni jambo dogo.

"Kwa nini hukusema jana?" nikauliza.

Akasogeza shuka, tukaonana. "Baada ya Mwalimu? Baada ya Mama Pacha? Nilikuwa nimefungua mdomo, shemeji. Nilipoona ulivyokuwa unafurahi nikaufunga."

Nikaliangalia lile shati lililoanguka.

"Nina watoto wawili," akasema, "na mama yangu hajainuka kitandani tangu mwaka juzi. Mimi siendeshi basi. Nafunga mlango na kushika mikono. Lakini Madam akilisikia neno kifafa hataniuliza nafanya kazi gani."

"Na mimi nisipokuleta, leseni inakwenda."

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Sijui, shemeji. Nimekuja kukuambia ni mimi, ili usiendelee kuwauliza wengine. La zaidi sina." Akaokota shati langu, akalikung'uta vumbi, akalitundika kwenye kamba. "Cheti cha daktari ninacho. Kiko ndani ya begi langu. Ukiniambia nije, nitakuja. Ila usiniambie nije kwa hiari yangu. Hiari hiyo sina."

Akaingia ndani. Mimi nilibaki pale hadi nguo zote za kambani zilipoanuliwa na wenyewe.

* * *

Ijumaa saa nne kasoro robo nilikuwa nje ya ofisi, peke yangu. Sikumwambia aje. Sikumwambia asije pia. Nilivaa lile shati.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitasema mwenye dawa nimemkosa. Hatua kumi mbele nasema, hapana, nitamtaja, nitaomba ahurumiwe. Hatua kumi nyingine naona ile namna Mwalimu alivyoshika reli. Nilipofika getini nilikuwa nimeamua. Nitanyamaza. Leseni iende. Nilijiona mtu mzima kwa mara ya kwanza wiki ile.

Nikafungua mlango wa ofisi. Matroni alikuwa ameshakaa ndani.

Nilimtazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Hakuja mwenyewe. Ameitwa.

"Kaa, mzee," Meneja akasema. "Umekuja peke yako?"

"Nimemkosa, madam. Nimeuliza jengo zima. Fanya utakavyofanya."

"Nimesikia ulivyouliza." Kumbe habari za ngazini zilikuwa zimeshafika. "Nimemwita Matroni kwa sababu yeye anakaa na wewe kiti cha mbele kila siku. Nilitaka kumuuliza kama amewahi kukuona ukianguka, au ukipotewa na akili hata kidogo."

"Hajawahi," Matroni akasema. "Huyu ni mzima, madam. Naweka mkono wangu motoni."

"Nimekuamini."

Nikashusha pumzi. Jamani, nilishusha pumzi! Nikawa nishaanza kutafuta funguo zangu pale mezani kwa macho.

"Nimekuamini," akarudia, "lakini ile kampuni ilikagua wafanyakazi wote wa mabasi, si madereva tu. Jana jioni nikazichomoa karatasi zote nizisome tena."

Akatoa karatasi moja, akaiweka katikati yetu. Juu kulikuwa na jina la Matroni, na namba yake ya simu. Chini hapakuwa na kitu. Karatasi nyeupe kama ukuta uliopakwa rangi jana.

"Matroni ana watoto wawili na mama mgonjwa," Meneja akasema, sauti ile ile isiyopanda. "Duka la dawa liko mbele ya mlango wake. Miaka minne hajanunua hata kidonge cha kichwa. Hata plasta ya kidonda. Nilipoiona mara ya kwanza nikasema, huyu ana bahati, familia yake haiugui."

Matroni alikuwa amelibana begi lake kifuani kwa mikono miwili.

"Halafu nikakumbuka anuani yake, nikaiweka karibu na ya kwako. Jengo moja."

Akaacha kumtazama yeye. Akanitazama mimi. Nilisikia ile feni ya dari ikizunguka, nikasikia kengele ya mapumziko ikilia nje, na watoto wakitoka madarasani kwa kelele.

"Mzee Breki, uliniambia jengo lenu zima mnataja namba moja, na mimi sikukuamini. Leo nakuamini. Kwa hiyo nijibu kitu kimoja tu. Huyu Matroni akifika pale kaunta, anataja namba ya nani?"